Tulivunja lava, tukauza mawe, tukanunua jezi: jinsi mashabiki walivyoinusuru timu ya mtaa wetu Goma

Mwenye uzi (Goma)

Jambo sana, ndugu wapenda mpira. Majuma mawili yaliyopita, tulipokuwa tukikusanya mipira baada ya mazoezi, kijana mmoja wa timu yetu aliniuliza swali ambalo bado liko kifuani mwangu: “Mzee, si afadhali tuifunge hii timu kuliko kuitazama ikifa polepole?” Aliuliza kwa adabu, na sababu anazo. Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wale waliokuwa wakitutumia chochote wamekosa njia rahisi ya kukifikisha, wachezaji watano wamehama mji, na viatu tulivyonavyo vinavaliwa kwa zamu. Sikumjibu siku ile. Ninamjibu hapa kwa maandishi, kwa sababu timu hiyo imekwisha kufa mara moja, nami nilikuwapo ilipofufuliwa. Jina lake sitaliandika, maana baadhi ya waliotuvunja moyo wakati ule wangali majirani zetu, na wajukuu wao wanacheza na wajukuu wetu. Wa mtaani watanielewa.

Watu wengi wakisikia mpira wa Goma huufikiria Stade de l'Unité, na timu kubwa kama Dauphin Noir na Virunga. Sisi hatukuwa huko. Tulikuwa timu ya ubingwa wa mji, yenye uwanja wa udongo, magoli ya miti ya mkaratusi, na mashabiki ambao wengi wao walikuwa wauzaji wa sambaza (samaki wadogo wa ziwani), waashi na wasukuma chukudu, vile vyombo vyetu vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ilipasuka ubavuni. Lava ilishuka, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Sisi tulivuka mpaka kwenda Gisenyi tukiwa na godoro moja na sufuria mbili, na siku ya tatu nikarudi peke yangu kutazama kilichobaki. Nyumba yetu ilikuwa imepona. Nikaenda uwanjani.

Goli la upande wa mlima halikuwapo tena. Lava ilikuwa imeingia kutoka kaskazini, ikafunika zaidi ya nusu ya uwanja, kisha ikasimama na kuganda kama uji uliofurika chunguni, kimo chake kikinifika kiunoni. Juu ilikuwa nyeusi, yenye matundu kama mkate. Ukiikanyaga ilivunjika kwa mlio wa vigae. Chini yake moto ulikuwa bado haujatoka. Hata majuma kadhaa baadaye, kila mvua iliponyesha, uwanja ule ulitoa mvuke, na watoto walikuwa wakienda kusimama ukingoni ili wapate joto asubuhi.

Nyumba ya katibu wetu huko Birere iliungua pamoja na laisensi (vitambulisho vya kuchezea) za wachezaji, jezi zote na stakabadhi za timu. Wachezaji walikuwa wametawanyika: wengine Gisenyi, wengine Sake, wawili walipanda boti kwenda Bukavu na hawakurudi. Kiongozi mmoja wa komite alituita, tukakutana watu kumi na wanne, akatutangazia kwamba timu imekwisha na kwamba tumshukuru Mungu kwa kuwa tungali hai. Maneno yake hayakuwa mabaya. Lakini haikupita miezi miwili tukasikia kwamba sehemu ya uwanja ambayo lava haikuifikia inapimwa ili iuzwe kwa viwanja vya kujengea, na kwamba mpimaji aliletwa na huyohuyo.

Nataka vijana walielewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndipo timu inapofia. Mechi za kupoteza haziiui. Inakufa pale watu wachache wanapokutana bila wengine kujua.

Mwenye uzi (Goma), naendelea

Kati yetu alikuwapo mzee mmoja mwashi ambaye hakuwahi kukosa mechi hata moja na ambaye hakuwahi, kwa kadiri ninavyokumbuka, kusema neno katika mkutano. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alikuja na mtalimbo na nyundo ya kilo tano. Aliuzungukia ukingo wa lava polepole, akauchomeka mtalimbo kwenye ufa, akagonga mara tatu. Likatoka pande la jiwe lenye kona nne, kana kwamba limechongwa. Alilipindua kwa mguu, akalitazama upande wa chini, akasema: “Hili ni jiwe la msingi. Mwaka huu mji mzima utatafuta mawe.”

Hapo ndipo tulipopata akili. Kilichokuwa kimeuua uwanja kilikuwa na bei.

Tulianza watu saba. Siku ya nne alikuja mama mmoja aliyekuwa akiuza maharagwe karibu na soko la Virunga, ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya lava hiyohiyo, mita mia mbili kutoka pale. Alisimama mbele yetu na mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ya chini ambayo ilituumiza kuliko matusi: “Watoto wangu wanalala chini ya hema, ninyi mnavunja mawe kwa ajili ya mpira?” Hakuna aliyemjibu. Mwashi akaweka nyundo chini. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikaona aibu, nikataka kwenda nyumbani.

Jioni ile tulikaa tukazungumza mpaka giza likaingia, tukapatana hivi: katika kila mafungu matatu ya mawe, moja litakuwa la familia iliyopoteza nyumba, bila malipo, na mawili yatauzwa. Familia yoyote itakayopokea fungu haitadaiwa kitu, wala haitalazimishwa kufanya kazi. Asubuhi yake tulimpelekea mama yule fungu la kwanza kwa chukudu. Aliyatazama mawe, akatazama mikono yetu, kisha akaja na sisi uwanjani akiwa na beseni.

Kuanzia hapo watu walikuja wenyewe. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi na kuacha saa tatu, kabla kila mtu hajaenda kutafuta maisha. Wanaume walipasua, vijana walipanga, akina mama waliokota kokoto kwa mabeseni, kwa sababu kokoto nazo zilikuwa na wanunuzi wake. Wasukuma chukudu walitubebea kwa nusu ya bei, na mmoja wao aliitengeneza upya chukudu yake, akairefusha ubao, ili ichukue mawe mengi zaidi. Vipande vya lava hukata kama chupa. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, na mwenzangu mmoja nusura apofuke jicho, ndipo tukaweka sheria kwamba asiyejifunika uso hapasui.

Kazi ile ilitumaliza miezi kumi na moja. Udongo wetu wa zamani hatukuufikia kila mahali. Upande wa mlima ulibaki juu kidogo kuliko upande wa ziwa, nasi tukauacha hivyo, tukamwaga mchanga mweusi juu yake na kuushindilia kwa magogo. Magoti ya wachezaji wetu wa mwaka ule yalikuwa na damu kila Jumapili. Lakini tulikuwa na jezi kumi na tano, mipira mitatu, fedha ya kuandikisha timu kwenye Entente, chama cha mpira cha mji, na picha ndogo za laisensi za wachezaji wote. Mpimaji wa viwanja hakurudi tena, kwa maana asingeweza kupita katikati ya watu mia moja wenye nyundo akapigilia vigingi vyake.

Na tulikuwa na daftari. Yule mama wa maharagwe ndiye aliyelishika. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, la mistari ya miraba, na kila ukurasa aliugawa kwa rula katika sehemu nne: tarehe, jina, alicholeta, na alama ya kidole au sahihi. Aliandika fedha na kila kitu kingine. Ninakumbuka: “mayai sita”, “siku mbili za kupasua”, “kamba ya nyavu”, “supu ya wachezaji, sufuria moja”. Kila Jumapili baada ya mechi, hata tukiwa tumefungwa, hakuna aliyeondoka kabla mama huyo hajasoma ukurasa wa juma hilo kwa sauti, kilichoingia na kilichotoka, mpaka franka ya mwisho. Mara moja mvua kubwa ilinyesha. Alisoma, sisi tukamfunika kwa turubai.

Mtoto wa reli (Lubumbashi)

Nakushukuru, yaya, kaka yangu mkubwa, kwa kutuandikia haya. Nimeyasoma mara mbili, kwa sababu yananikumbusha jinsi sisi tulivyoshindwa.

Lubumbashi ni mji wa mpira kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii, hilo nadhani hata wa Kinshasa watatuachia. Mazembe na Lupopo zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe ilianzishwa na wamonaki Wabenedikto, ikaja kubeba jina la Englebert, chapa ya matairi, na ikatwaa kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Lupopo ilipewa jina la Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wafua vyuma, na mpaka leo mashabiki wake huitwa Cheminots, watu wa reli. Kwetu timu ilizaliwa ndani ya kazi: ndani ya kiwanda, ndani ya kambi, ndani ya parokia.

Ndiyo maana kazi ilipoanguka, timu ndogo zilianguka nayo. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 haikufikisha 50,000. Kampuni nyingine zilizoishi kwa shaba zikafuata. Baba yangu alifanya kazi katika mojawapo ya hizo, na kambi yetu ilikuwa na timu yake, nzuri, yenye viatu, basi, na daktari. Vyote vililipwa na kampuni. Shabiki hakuombwa kitu. Kazi yake ilikuwa kuja kuimba. Basi lilipokosa mafuta, tulingoja kampuni. Jezi zilipochakaa, tulingoja kampuni. Siku tuliyoelewa kwamba kampuni haitakuja, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuzoea kutoa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliona magoli yetu ya chuma yaking'olewa na watu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakiyashangilia, yakaenda kuuzwa kwa kilo.

Mimi sikosoi watu wale, maana walikuwa na njaa. Nasema tu kwamba ninyi wa Goma mlikuwa na bahati moja ndani ya msiba wenu: hamkuwa na wa kumngoja.

Wa Kadutu (Bukavu)

Wandugu, nawaheshimu, lakini naomba niseme kinyume kidogo. Nimekulia juu ya Stade de la Concorde, nimeona Bukavu Dawa na Muungano zikijaza watu hadi kwenye mapaa, na nimeona vilevile timu ngapi za mtaa zinavyoisha kwa michango isiyotosha hata maji ya kunywa. Daftari ni zuri, lakini mpira wa leo unataka mtu mwenye mfuko. Mazembe hiyohiyo aliyoitaja ndugu wa Lubumbashi ilikaa bila kombe la Afrika tangu lile la Washindi la mwaka 1980 mpaka mwaka 2009. Moïse Katumbi, aliyeichukua mwaka 1997, aliweka fedha, ikatwaa Ligi ya Mabingwa 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 iliifunga Internacional ya Brazil mabao mawili kwa sifuri, ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter ya Milan. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yake. Hayo yasingewezekana kwa mabeseni ya kokoto. Mkipata mfadhili, mshikeni.

Mwenye uzi (Goma)

Ndugu wa Kadutu, hujakosea, na sitaki uzi huu uonekane kama unawasema vibaya wenye fedha. Akija kesho mwenye fedha na moyo safi, nitamfungulia lango mwenyewe. Swali langu ni lile la ndugu wa Lubumbashi: siku atakapoondoka, atatuacha tukiwa nani?

Mwanangu aliyeko Kampala ameniletea mifano miwili ya Ulaya, nami nimeipenda kwa sababu inafanana na yetu.

Wa kwanza ni Union Berlin ya Ujerumani. Mwaka 2004 ilikosa fedha za kupata ruhusa ya kucheza msimu uliofuata. Kule mtu anayetoa damu hupewa kiasi kidogo cha fedha. Mashabiki wakapanga foleni, wakatoa damu, na malipo yao wakayapeleka kwenye timu. Miaka minne baadaye uwanja wao ulikuwa umechakaa kiasi cha kukataliwa, nao wakaujenga upya kwa mikono: zaidi ya watu 2,000 walijitolea saa zipatazo 140,000 za kazi, ukafunguliwa mwaka 2009. Mwaka 2019 timu hiyo ilipanda daraja la juu kabisa la Ujerumani. Niliposomewa habari ya wale watu wakichanganya saruji Jumamosi asubuhi kabla ya kwenda kwa familia zao, nilimwona mwashi wetu kana kwamba amesimama kati yao.

Wa pili ni Portsmouth ya Uingereza, na huu ndio unaokuhusu zaidi, ndugu yangu. Ilikuwa na wenye fedha, ikatwaa Kombe la FA mwaka 2008. Wenye fedha walipobadilika na madeni yakaiva, timu ilishuka daraja baada ya daraja, na mwaka 2013 ikajikuta daraja la nne. Mashabiki walinunua hisa, kila moja pauni 1,000, wakaichukua mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Waliiongoza miaka minne, wakalipa, wakapanda daraja mwaka 2017, na mwaka huo wenyewe wakapiga kura kuiuza kwa kampuni ya Michael Eisner, Mmarekani. Tazama mpangilio wake. Walimpokea mfadhili wakiwa wamesimama, hesabu zikiwa wazi mezani, na kila mmoja akiulizwa. Mtu akikununua umelala kitandani mahututi, bei anaipanga yeye.

Binti wa Daftari (Goma)

Jambo, papa. Mama yangu ndiye huyo unayemwandika, na dada yangu mdogo ndiye aliyekuwa mgongoni. Nimemsomea uzi wako wote. Amefurahi, lakini ameniambia niweke sawa mambo mawili.

La kwanza: hakuja uwanjani asubuhi ileile mliyompelekea mawe. Alikaa siku sita. Anasema alikuwa akingoja aone kama familia ya pili nayo italetewa, na ya tatu, au kama mlimpa yeye kwa sababu alikuwa amewaaibisha. Ya tatu ilipopata fungu lake ndipo alipochukua beseni.

La pili: kuna ukurasa ambao hukuutaja. Mwaka 2003 kijana mmoja aliyetumwa kuuza mawe alirudi na fedha pungufu. Wengine walitaka afukuzwe. Mama aliandika kwenye daftari “zimepungua” na kiasi, akausoma ukurasa ule Jumapili kama kurasa nyingine, bila kutaja jina, akafunga. Jumapili iliyofuata fedha ilikuwa imerudi ndani ya mfuko wa karatasi, imewekwa chini ya jiwe anapokaliaga. Kijana yule alikuja kuwa mtunza fedha wetu kwa miaka minane, na hakuna franka iliyopotea mkononi mwake. Mama anasema kama siku ile angetajwa, tungempoteza yeye na pengine timu pia.

Madaftari yote yapo kwetu, matano, ndani ya sanduku la bati. Mei 2021, volkano ilipotoka tena na tukaamriwa kuhama mji, mama alibeba sanduku lile hadi Sake kabla ya kufikiria nguo. Nilimgombeza njiani. Leo najutia maneno niliyomwambia.

Mwenye uzi (Goma)

Binti yangu, asante. Mpe mama heko zangu na umwambie amenisahihisha kwa haki. Siku sita zile nilizisahau, au labda nilipenda kuzisahau. Habari ya mfuko wa karatasi nilikuwa nimeinyamazia kwa makusudi, lakini kwa kuwa mwenye daftari ameruhusu, na ibaki hapa.

Beki wa kushoto (Goma)

Wazee wangu, mimi ndiye niliyeuliza lile swali uwanjani. Nimesoma yote usiku huu. Nilizaliwa mwaka 2004. Nimecheza juu ya mchanga ule tangu utotoni, na daima nilidhani uwanja umeinama kwa sababu uliumbwa hivyo.

Nina maswali mawili ya kweli. Leo hakuna lava ya kuuza. Tutauza nini? Na mimi, kwa mfano, juma hili nina franka 500 tu. Je, kiasi kama hicho kinaandikwa, au ningoje nipate cha maana?

Mwenye uzi (Goma)

Mwanangu, nimefurahi kuwa ni wewe umejibu.

Kuhusu la kwanza, sitakudanganya kwamba nina jibu lote mkononi. Nina mwanzo wake. Akina mama wa sambaza wamekubali kuanzisha likelemba, mchango wa kupokezana, ya timu: watu ishirini, kila juma, na anayepokea anaacha sehemu ndogo kwenye sanduku. Ukuta wa upande wa barabara tunaweza kuwakodisha wachoraji wa matangazo ya maduka, jambo ambalo komite mbili zimelizungumzia bila kulifanya. Na vijana kumi wa timu wenye nguvu wanaweza kushusha mizigo kwenye bandari ndogo siku moja kwa juma kwa jina la timu, kama mtapenda ninyi wenyewe. Sisi wazee hatutawalazimisha. Ndugu wa Kadutu akitupatia mtu mwenye mfuko, naye tutamsomea ukurasa wa juma kama mtu mwingine yeyote.

Kuhusu la pili, njoo Jumapili baada ya mechi, upande wa ziwa, pale tunapokaaga. Mama anakuja na daftari la sita, jipya, ukurasa wa kwanza ameshaupiga rula. Franka 500 zinaandikwa. Na kama hata hizo zitakuwa zimekwisha kufikia Jumapili, njoo umpe jina lako na siku utakayoweza kumwaga mchanga golini, naye ataiandika siku hiyo kwenye sehemu ya tatu.